Kutoka skapulari hadi mchele mbovu: wokovu unavyobadilisha sura mashariki mwa Kongo

Jumapili tarehe 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kijana mmoja wa Goma kuwa mwenye heri. Anaitwa Floribert Bwana Chui bin Kositi. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, na kazi yake ilihusu mali iliyoharibika. Mwezi wa saba mwaka 2007 alikataa kupokea pesa ili apitishe mchele mbovu uliotoka ng'ambo ya mpaka. Alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Sherehe ilifanyika mbali na watu wake. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uko mikononi mwa AFC/M23, na mtu wa Birere au Katindo aliyetaka kumuona ndugu yake akipandishwa altareni alitegemea simu au televisheni. Jina lenyewe ni Kiswahili tupu, na ni vizuri Roma ilijifunza kulitamka.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini kuna jambo ambalo halikusemwa sana siku zile. Kama ungewaambia babu zetu walioingia ukatekumeni kwamba siku moja mtu ataheshimiwa na Kanisa zima kwa sababu alizuia magunia ya mchele, wangekutazama kwa mshangao. Kwao mtu alikwenda mbinguni kwa ubatizo, kwa sakramenti, kwa kuacha hirizi na kubaki na mke mmoja. Mchele haukuwamo katika katekisimu. Tangu lini mbingu inashughulika na tarehe ya mwisho ya chakula? Jibu la swali hilo linatueleza mengi kuhusu sisi wenyewe, na kuhusu watu wanaokuja kila mwaka kutuahidi ukombozi.

Ukombozi ulipokuwa na bei ya kitambaa

Tuanze na neno. Kiswahili kina neno moja, ukombozi, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Yesu ni Mkombozi. Na mwenye bunduki anayeingia mjini naye hujiita mkombozi. Maana ya kwanza ya kukomboa ni ya sokoni: unalipa ili kitu au mtu aliyeshikiliwa arudi.

Na hivyo ndivyo ilivyoanza kwenye Ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe waliotumwa na Lavigerie walifungua misheni ya Mulweba mwaka 1880, na mwaka 1885 wakapewa kituo cha Mpala. Walinunua watumwa kutoka kwa wafanyabiashara kwa vitambaa na shanga, wakawaweka katika vijiji karibu na misheni, wakawafundisha, wakawabatiza, wakawafungisha ndoa. Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewahi kupigana katika jeshi la Papa, alikuja kuvilinda vijiji hivyo kwa bunduki. Kwa mtu aliyefunguliwa mnyororo pale Mpala, wokovu wa mwili na wokovu wa roho vilikuwa kitu kimoja, na vilikuja siku moja. Ni kweli pia kwamba aliyekombolewa aliishi chini ya kengele na sheria za misheni. Alitoka kwa bwana mmoja, akaingia kwa mwingine aliye mpole zaidi.

Utawala wa kikoloni ulipojengeka, vitu hivyo viwili vilitenganishwa. Mwili ukawa wa serikali na wa kampuni: kodi, kazi ya lazima, fimbo. Roho ikawa ya misheni. Mbingu ikawekwa mbali, baada ya kifo, na uvumilivu ukawa fadhila ya kwanza ya Mkristo mweusi. Isidore Bakanja, kijana wa Equateur, alifariki mwaka 1909 kwa vidonda vya mjeledi aliopigwa kwa amri ya msimamizi wa shamba, kwa sababu alikataa kuvua skapulari yake na kuacha kusali. Alipotangazwa mwenye heri mwaka 1994, hadithi tuliyosimuliwa ilikuwa ya sala yake na ya msamaha wake. Yote hayo ni kweli. Lakini shamba lenyewe, na sababu ya mzungu mmoja kuwa na uwezo wa kumpiga mtu hadi kufa, vilibaki nyuma ya picha, kama miti tu.

Wasiotaka kungoja

Si wote waliokubali mbingu iwe mbali hivyo. Aprili 1921 Simon Kimbangu alianza kuponya na kuhubiri Nkamba. Kufikia Septemba alikuwa tayari amekamatwa. Hukumu ya kifo ikageuzwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30, na akafia Elisabethville, yaani Lubumbashi yetu, mwaka 1951. Leo tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa. Wabelgiji hawakumwogopa kwa sababu aliwaambia watu waende mbinguni. Walimwogopa kwa sababu watu waliacha kazi kwenda kumsikiliza.

Huku kwetu kulikuwa na Kitawala. Jina lilitoka kwenye neno la Kiingereza la mnara, lile la Watch Tower, lakini sikio la Mswahili lilisikia ndani yake kutawala, na nadhani wakoloni pia walilisikia hivyo. Mafundisho yaliingia Katanga kutoka kusini na kusambaa hadi Kivu: ufalme wa Mungu uko karibu, utakuwa hapa duniani, na wazungu hawatakuwa mabwana ndani yake. Mwaka 1944, katika eneo la Masisi hadi Lubutu, wafuasi wakiongozwa na Bushiri Lungundu waliinuka dhidi ya utawala. Uasi ulizimwa kwa damu, na wengi wakahamishwa mbali na vijiji vyao.

Tunapenda kuita imani za namna hiyo ujinga wa zamani. Mimi sioni hivyo. Mtu anayelipa kodi, anayelazimishwa kulima pamba, anayepigwa fimbo hadharani, akiambiwa kwamba Mungu ataangalia jambo hilo baadaye, ana haki ya kuuliza kwa nini si sasa.

Ila ufalme wa duniani nao una hatari zake, na mwaka 1964 ulizionyesha. Simba waliingia vitani wakiamini kwamba dawa, yale maji ya Mulele, yatageuza risasi kuwa maji. Uhuru wa pili walioahidi ulikuwa wokovu kamili: wenye nguo nzuri watatoka, maskini wataingia. Tarehe 28 Novemba waliwaua mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert pamoja na bruda Vittorio Faccin, huko Baraka na Fizi. Siku tatu baadaye, Isiro, afisa wao alimuua sista Anuarite Nengapeta aliyekataa kuwa mwanamke wake. Padri Joubert huyo alikuwa mtoto wa yule kapteni wa Mpala na mama Mkongomani. Baba alikuja na bunduki kulinda waliokombolewa. Mwana, padri wa hapa hapa, aliuawa bila silaha na watu waliojiita wakombozi.

Angalia sasa namna Kanisa lilivyosimulia vifo hivyo. Anuarite alitangazwa mwenye heri Kinshasa mwaka 1985, na wasichana wetu walifundishwa kumheshimu kwa ubikira wake. Wale wanne walitangazwa Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na kilichosisitizwa ni kwamba walibaki na watu wao wakati wa hatari. Miaka 39 kati ya sherehe hizi mbili, na mkazo umehama, kutoka usafi wa mtu mmoja mbele ya Mungu kwenda kukaa pamoja na jirani.

Kuokoka kwa jana na kuokoka kwa leo

Upande wa Waprotestanti mwendo umekuwa mwingine, na si mnyoofu hata kidogo.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Burundi na Kivu. Aliyeokoka wakati ule alisimama mbele ya wenzake na kutubu wazi. Halafu alikwenda kurudisha alichoiba: mbuzi, jembe, pesa za tajiri wake. Wazee wengi wa makanisa yetu wanakumbuka kusikia habari hizo kutoka kwa wazazi wao. Macho yalikuwa mbinguni kabisa, pombe na ngoma zilikatazwa, siasa iliitwa mambo ya dunia. Hata hivyo, kwa sababu ya mbingu hiyo, mbuzi alirudi kwa mwenyewe. Na Wapentekoste waliokuja kutoka Sweden kuanzia 1921 walihubiri kurudi kwa Yesu huku wakijenga shule na zahanati. Hospitali ya Lemera ilitoka humo. Panzi pia, iliyofunguliwa mwaka 1999, ambako daktari Mukwege, mtoto wa mchungaji na yeye mwenyewe mchungaji, anashona miili ya wanawake waliobakwa.

Halafu Zaïre ikaanguka. Mishahara haikulipwa, noti zikawa karatasi, jeshi likapora miji mwaka 1991 na 1993. Ndipo makanisa ya uamsho, wengine husema makanisa ya reveye, yalipojaa kila kartie. Humo wokovu ulishuka duniani kwa kasi, lakini ulishuka kwa mtu mmoja mmoja. Visa, ndoa, mtoto, kazi, gari. Laana ya ukoo ndiyo adui, na adui huyo mara nyingi ana sura ya shangazi au ya mtoto anayeitwa mchawi. Unapanda mbegu ya dola, unangoja mavuno. Neno kuokoka limebaki lile lile, ila mkono umegeuka: zamani aliyeokoka alirudisha mali, leo anaingojea.

Ni rahisi kuwacheka wanaokesha huko. Mama aliyekimbia Rutshuru, akakaa kambini Kanyaruchinya, kisha kambi ikavunjwa na akaambiwa arudi kusiko na nyumba, hana hospitali ya bure, hana mahakama, hana benki. Chumba cha maombi ni mahali pekee ambapo mtu anamwita kwa jina lake na kumuuliza shida yake ni nini. Hilo lina thamani, na asiyekuwa na kitu cha kumpa badala yake afadhali anyamaze. Kinachonisumbua ni mahali ambapo swali huishia. Kama umaskini wangu ni laana ya bibi yangu, basi aliyekula mshahara wa walimu anaweza kukaa kiti cha mbele kanisani, akatoa fungu la kumi, na kuombewa aongezewe.

Wakombozi wenye bunduki

Tarehe 29 Oktoba 1996 AFDL, muungano uliobeba neno ukombozi ndani ya jina lake, ulifika Bukavu pamoja na wanajeshi wa Rwanda. Siku hiyo hiyo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa barabarani. Wiki tatu hivi kabla yake, wagonjwa walikuwa wameuawa vitandani mwao Lemera. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli 1999 akiwakemea waliokuwa wakiipora Kivu, wageni na wenyeji. Wenye mamlaka wa wakati ule walimzuia kurudi jimboni kwake, akakaa Butembo miezi saba, na muda mfupi baada ya kurudi akafariki Roma, Oktoba 2000.

Maaskofu hao wawili hawakuhubiri ufalme wa duniani kama Bushiri. Lakini pia hawakuuacha mwili kwa serikali kama katekisimu ya zamani. Walisema kwamba anayeua na kuiba anamgusa Mungu. Walei nao walifuata: tarehe 31 Desemba 2017 walitoka parokiani wakiwa na rozari na Biblia kudai uchaguzi, na wengine walipigwa risasi. Linganisha rozari hiyo na skapulari ya Bakanja. Kitu ni karibu kile kile, kamba na kitambaa, lakini mmoja aliuawa kwa kukivaa shambani na wengine kwa kukibeba barabarani.

Wakati huo huo njia ya zamani haijafungwa. Alfajiri ya tarehe 30 Agosti 2023, Goma, jeshi liliwafyatulia risasi waumini wa dhehebu moja la Wazalendo waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Walikufa zaidi ya 50. Imani yao iliunganisha unabii, mababu na kuikomboa nchi, na anayejua historia ya Kitawala hawezi kusema ni jambo jipya. Maji ya Mai-Mai ni ndugu wa maji ya Mulele. Na watawala wa sasa wa Goma na Bukavu nao huita miji hiyo maeneo yaliyokombolewa. Tumekombolewa mara ngapi? Mtoto aliyezaliwa Goma mwaka 1994 amekwisha kuwaona wakombozi zaidi ya mara tatu, na bado anachota maji ziwani kwa bidoni ya manjano.

Roma nayo imesogea

Turudi kwa Bwana Chui. Sheria ya Kanisa inasema mfiadini lazima auawe kwa chuki dhidi ya imani. Waliomuua kijana huyu walikuwa na chuki dhidi ya hasara. Hawakumwambia amkane Yesu. Walimwambia achukue matabishi na aweke sahihi. Miaka 100 iliyopita kesi yake isingepita mlango wa kwanza.

Ilipita kwa sababu mlango ulikuwa umepanuliwa polepole. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulihesabu kutenganisha imani na maisha ya kila siku kuwa kati ya makosa makubwa ya wakati wetu. Mwaka 2013 padri Pino Puglisi, aliyeuawa na mafia huko Palermo, alitangazwa mfiadini. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Oscar Romero wa El Salvador, askofu ambaye waliomuua walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Mwaka 2021 ikawa hakimu Rosario Livatino, aliyepigwa risasi akienda kazini. Katika kila kesi hoja ni ile ile: ukimuua mtu kwa sababu ya haki aliyoitenda kwa ajili ya Mungu, umeichukia imani yenyewe, hata kama hujui. Papa Fransisko alimtaja Bwana Chui mbele ya vijana katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, katika safari ambayo awali ilipaswa kufika Goma. Novemba 2024 alikubali rasmi kwamba alikufa kwa ajili ya imani.

Kwa hiyo Kanisa limefanya jambo ambalo wahubiri wa mbegu na wenye bunduki hawajalifanya. Limeweka wokovu mezani kwa mfanyakazi wa serikali, pale penye muhuri. Hakuna jeshi linalohitajika, hakuna nabii, na hakuna ufalme unaongojewa. Kuna hapana ya mtu mmoja kuhusu kitu ambacho watu wasiomjua wangekula. Anayejua maisha yake kidogo ataongeza kwamba kijana huyu, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, alitumia muda wake kwa watoto wa barabarani, wale tunaowaita mayibobo. Mchele wa bei ndogo ungeishia kwenye sahani za akina nani, kama si za hao?

Mimi naona huo ni ukombozi ulio karibu zaidi na maana ya kwanza ya neno. Alilipa. Lakini kuna wasiwasi ambao sitaki kuupitia haraka. Kijana wa miaka 26 hakupaswa kufa kwa ajili ya ukaguzi wa mchele. Hiyo ni kazi ya kawaida, yenye sheria, mishahara na polisi nyuma yake. Tukimweka juu ya altare na kuwasha mishumaa, kuna hatari ya kufanya uaminifu uonekane kuwa jambo la watakatifu, na sisi wengine tukaendelea kupokea chetu kwa amani kwa kuwa hatukuitwa. Wapo wanaosema hivyo tayari: yule alikuwa mwenye heri, mimi nina watoto sita. Na mwenye watoto sita hasemi uongo kuhusu watoto wake. Kanisa bado halijamjibu vizuri, na serikali haijamjibu kabisa.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, wiki sita baada ya sherehe ya Roma, ADF waliingia katika parokia ya Komanda, Ituri, ambako waumini, vijana wengi wakiwemo, walikuwa katika mkesha wa sala. Waliuawa zaidi ya watu 40. Parokia hiyo ina jina la mwenye heri Anuarite. Miaka miwili kabla yake Papa Fransisko alikuwa ameunda tume ya kukusanya majina ya wafiadini wa nyakati zetu, na huenda majina ya Komanda yataandikwa humo. Familia zao, wakati huo, zilikuwa zikitafuta mbao za majeneza na mtu wa kuwaambia kama barabara ya kwenda shambani iko salama.